Asiyeamini Mkia wa Faili

Yule mtengeneza programu wa meza ya dirishani haamini faili lolote linalopakiwa kwenye fomu zake za mtandaoni. Likija linajiita picha, jina halisomi. Hulipasua tumbo akakagua kilichomo, pua imekunjwa kana kwamba skrini imevunda. "Jina hata mimi naweza kujipa," husema, akigonga meza kwa kidole chenye kucha iliyotafunwa. Hata jikoni pale ofisini, kopo limeandikwa sukari, yeye lazima aonje kwanza. Simu yake hailali kwa watu waliokataliwa na fomu, naye huwajibu kwa sauti tamu ya muuguzi aliyeshika sindano: "Dada yangu, umebadilisha mkia wa jina tu, zile herufi za baada ya nukta. Ndani bado ni picha."

Juzi alikuwa anaomba likizo ya harusi yake, kwa fomu aliyoitengeneza mwenyewe, na maombi yanafungwa saa sita mchana. Barua ya ruhusa ya bosi aliipiga picha kwa simu, akakumbuka fomu inataka PDF, akabadilisha mkia wa jina, akabonyeza. Ikamkataa. Ofisi nzima tukageukia saa. Zimebaki dakika nne. Akasogelea skrini, akayasoma maneno mekundu aliyoyaandika yeye, uso ukamng'aa kama mzazi anayemwona mwanawe akisimama dede. "Mmeona?" akapiga kelele. "Hata mimi hainiamini!" Akatuita wote, mmoja mmoja, tuje tuione. Tulipomaliza kuishangaa ilikuwa saa sita na dakika mbili, na bibi harusi anapiga simu.