Karate, Kungfu na Kisima cha Mchangani

Stima ikipotea hapa Kathonzweni, jirani yangu kinyozi huwasha jenereta, na moshi wa petroli ukinifikia kwenye kochi, ambako kwa kawaida ndiko niliko, narudi mara moja Kalamba, nilikokulia. Naona kile chumba cha video cha mabati nyuma ya bucha, jenereta ikinguruma mlangoni, mabenchi yamejaa watoto, na televisheni ndogo yenye watu wanaopigana juu ya paa bila kuvunja hata kigae kimoja. Juzi moshi huo ulinikuta na wapwa zangu wawili wakibishana kama mtu wa mieleka anaweza kumshinda wa karate. Walianza chai ikichemka, wakainywa, wakaosha vikombe, bado wanabishana. Nikawaambia wanyamaze. Mmoja akaniuliza, "Kwani mjomba, wewe uliwahi kupigana?"

Swali la dharau kama hilo halijibiwi kwa mdomo. Wacha nikuambie wewe.

Tulikuwa watatu. Binamu yangu Mutinda alikuwa wa kungfu. Kyalo, mtoto wa jirani, alikuwa wa karate, kwa sababu aliona mtu akivunja tofali kwa kiganja na hakuwahi kupona. Mimi nilichagua ndondi, si kwa ushujaa, ila niliona haina kazi ya kuinua miguu. Tulibishana tukienda shule, tukirudi, tukichunga. Mutinda akieleza kwamba kungfu ina mtindo wa chui, wa nyoka na wa korongo, Kyalo alimuuliza, "Na wa mbuzi je? Maana ndio tuko nao."

Ubishi huo ulikuwa na sababu. Kiangazi, mto wetu ulikuwa mchanga mtupu, maji yakiwa chini yake. Unachimba kisima, unangoja maji yajikusanye, yakitulia unachota. Aliyechimba anazungushia kisima chake miiba, na kwa desturi hakuna anayechota kabla yake. Sasa sisi tulikuwa tukichimba tangu asubuhi, halafu anatokea kijana wa ng'ambo ya mto, mkubwa kuliko sisi, tuliyemwita Katapila, na punda wake wawili. Anasukuma miiba kwa mguu, anachota mpaka matope, anaenda zake. Tulirudi na mitungi nusu. Mama hakuwa mtu wa kelele. Alikuwa anainua mtungi, anausikiliza, anasema, "Basi leo mtakunywa karate."

Ikabidi tuamue ni mtindo gani utamwondoa Katapila, na tukaijaribu mitindo yote palepale mtoni. Jameni, nilichoka! Mutinda akiinua mguu mmoja, ule mwingine ulizama mchangani mpaka kwenye kifundo. Karate ya Kyalo ilianza na ukelele mrefu hivi kwamba punda wetu alitoroka, tukashinda tukimtafuta. Mimi nilimtandika Mutinda ngumi ya paji la uso, na aliyelia ni mimi, kidole gumba kikavimba kama kiazi. "Ingekuwa sakafu ya simiti, mngeniona," Mutinda akasema. Na wakati huo wote Katapila anachota.

Siku moja mdogo wangu wa kike aliamka na homa, na nyumbani hakukuwa na maji hata ya kulowesha kitambaa. Mama alisema anataka mitungi imejaa, hataki hadithi. Tukachimba. Katapila alipofika, Mutinda alisimama mbele ya kisima kwa mguu mmoja, mikono juu, korongo kamili. Katapila alimtazama kwa hamu ya kweli, kama mtu anayengoja kuona kitakachofuata. Kisha akamgusa kifuani kwa kidole. Mutinda akaangukia kisimani, na ukuta wa mchanga ukabomoka juu yake. Kyalo bado alikuwa kwenye ukelele. Mimi nilikunja ngumi vizuri kabisa, nikazikunja tena, nikaendelea kuzikunja.

"Nyinyi!"

Mama alikuwa amechoka kutungoja. Alitazama kisima kilichobomoka, akatutazama sisi, sitaki kukueleza vile, kisha akamgeukia Katapila.

"Kijana, jina lako la nyumbani ni nani?"

"Mulwa."

Mama akaweka mtungi chini, akainamisha kichwa. Babu yangu, mzazi wake, alikuwa Mulwa, na kwetu Ukambani mwenye jina la baba yako ni baba yako, hata kama bado ana kamasi.

"Nau," akamwita, yaani baba, kwa sauti ya kusikika mto mzima, "umeamkaje, Nau? Mjukuu wako ana homa. Mbona unatunyima maji?"

Akina mama wa visima vya jirani walishika mbavu kwa kicheko. "Babu, nyoa kwanza hizo ndevu!" mmoja akapaza. Hakuwa na hata moja. Katapila alikosa pa kuweka mikono, mwishowe akaiweka mchangani, akaanza kuchimba. Kyalo akaninong'onezea, "Huu mtindo ni wa wapi? Korea?"

Mitungi ilijaa. Kesho yake Katapila alitukuta asubuhi akiwa na jembe, na kiangazi chote tulichimba naye.

Kwa miaka mingi nilisimulia hayo kama ushindi wa mama. Mpaka nilipokuwa mtu mzima, nikajitia kuchimba kisima peke yangu, mchanga ukirudi ndani haraka kuliko nilivyoutoa. Kisima cha mchangani kinataka mmoja wa kuchimba na mwingine wa kusogeza, na Katapila aliishi na nyanya yake tu, na nyanya alikuwa haoni. Sisi tulijua mitindo ya dunia nzima, na hatukuwahi kujiuliza kwa nini mwenye mikono kama ile hakuwa na kisima chake.

Nilimuuliza mama kama alilijua hilo siku ile.

"Kila mtu mtoni alilijua," akasema. "Na mimi nilikuwa nahitaji mchimbaji. Nyinyi mlikuwa na shughuli."