Dirisha la Arvid Lilitazama Kwangu

Kaka yangu Arvid Tollefsen ana wivu. Simsengenyi, kwa maana hata ukimwambia usoni anakujibu, "Ndiyo, kwani kuna nini?" Ni fundi wa boti, mtu mzima mwenye mvi, ana nyumba yake na gari lisilo na mchubuko, lakini mkatie kipande cha keki uone: ataangalia changu kwanza. Tulipokuwa wadogo nilivunjika mkono nikafungwa plasta, na yeye akalia siku nzima akitaka plasta yake.

Mwaka jana nyonga ya baba yetu, mzee Halvor, iligoma kabisa. Daktari akamwambia ngazi basi, na jukwaa lake la kuwindia liko juu ya mti. Tulikuwa mezani baba akanigeukia mimi.

"Signe mwanangu, nijengee maficho ya chini. Nataka kulungu mmoja tu. Mwakani sidhani kama miguu hii itanifikisha huko msituni."

Arvid alikuwa anapaka siagi kwenye mkate. Kisu kikasimama.

"Na mimi je, baba?"

"Wewe si una boti za watu za kutoa majini?"

"Boti! Mtoto wa kwanza kazi yake boti!" Akaondoka bila kumaliza mkate wake. Nami, sitaki kusema uongo, nilifurahi hadi nikaumalizia.

Nilianza mapema, majani yakiwa bado mabichi mitini, ili kulungu wayazoee maficho yangu kabla ya Novemba, msimu wa kuwinda unapoanza. Kule kwenye kibonde, juu kidogo ya njia yao, kuna mti mkubwa ulioangushwa na upepo, mizizi yake imesimama kama ukuta. Mizizi hiyo nikaifanya mgongo, ili umbo la baba lisionekane likikatiza anga. Mbele nikalaza gogo, nikaegemeza matawi makavu niliyoyaokota, siyo ya kukata, nikachomeka magugu yaliyoota hapohapo. Dirisha nikalipima nikiwa nimekaa. Mwisho nikafagia sakafu hadi udongo ukatokeza, maana jani moja kavu likilia chini ya buti, kulungu amekwenda. Ukipita karibu ungedhani ni uchafu wa msitu tu.

Wiki ya mwisho kabla ya msimu nikaenda kukagua. Lo! Upande wa pili wa kibonde, uso kwa uso na maficho yangu, kulikuwa na kitu cha kijani kinang'aa katikati ya msitu wa kahawia. Arvid alikuwa ndani, anatokwa jasho.

"Nini hiki?"

"Maficho ya baba."

"Kwa matawi ya mwerezi? Mabichi? Arvid, mwerezi ndio chakula chao hao! Umewajengea kachumbari!"

"Wivu tu unakusumbua. Ya kwangu yana kuta nene."

"Na mbona dirisha linatazama kwangu? Njia ya kulungu iko huku chini."

"Huku kuna mwanga mzuri."

Mwanga gani, jamani! Alitaka kuona baba anacheka nini na mimi.

Asubuhi ya kwanza ya msimu baba alikaa kwangu. Baridi ilikuwa ya kung'ata masikio. Hatukuona kitu zaidi ya kindi. Ng'ambo, kofia ya rangi ya chungwa ya Arvid ilikuwa imejaa dirishani, haigeuki kushoto wala kulia. Kila baba akinong'ona neno, kofia ile inainuka.

Kufika mchana baba akafunika chupa ya kahawa. "Ngoja nikakae na kaka yako kidogo, asije akapasuka."

"Baba, lakini huku ndiko..."

"Najua, mama. Narudi."

Akaenda na fimbo yake, polepole, bunduki begani. Arvid akatoka mbio kumpokea ile bunduki, "Usichoke, baba, nitakushikia," kwa sauti ya kunifikia mimi. Moyo uliniwaka moto. Mimi niliyefagia sakafu kwa mikono yangu! Nikachukua darubini. Njia ya kulungu nikaisahau nami, nikawa namtazama Arvid ananitazama.

Ndipo nikamwona. Dume, pembe pana, anakuja nyuma yao taratibu kama mwenye nyumba. Akafika kwenye ukuta wa mwerezi, akanyoosha shingo, akaanza kula. Anakula maficho, na kaka yangu yumo ndani.

Bunduki yangu ninayo, lakini kumpiga siwezi, risasi ingepitia kwa baba. Nikapunga mkono. Arvid akapunga wake, anatabasamu. Nikaonyesha kidole: nyuma, nyuma yako! Akaonyesha kidole kwa baba, kisha kifuani mwake, yaani, unaona leo nipo naye mimi? Nikamwonyesha pembe kwa mikono miwili kichwani. Mjinga yule akanitolea ulimi!

Baba alikuwa ameshageuka. Nilimwona kwenye darubini akimgonga Arvid gotini, mara ya kwanza, mara ya pili, mkono umenyooshwa kuomba bunduki. Arvid akausukuma ule mkono bila kuniondolea macho.

"Subiri, baba, huyu ananikejeli!"

Alisema kwa sauti, hata mimi nikasikia. Dume akapiga chafya, akainua mkia mweupe, akatoweka. Mkono wa baba ulibaki vilevile umenyooshwa kwa muda, kisha akaurudisha mfukoni.

Kwenye gari tulifokeana mpaka vioo vikaingia ukungu.

"Kwa nini hukupiga wewe?"

"Nimpige baba? Na wewe kilichokufanya unikodolee macho ni nini?"

"Umejuaje kama nilikuwa nakukodolea, kama wewe hukuwa unanikodolea mimi?"

Tulipofika nyumbani baba akashuka, akasema, "Kesho mnakaa kwenye gari. Nyote wawili. Naingia peke yangu."

Kesho yake tukakaa kwenye gari. Kutoka barabarani kibonde hakionekani, kwa hiyo hatukujua ameingia maficho ya nani.

"Kwangu," alisema Arvid. "Ameona mwenyewe wanakuja."

"Wamekwisha kuyala, akae wapi? Yupo kwangu."

Mlio wa bunduki ukasikika. Mmoja tu. Tukaruka nje, tukakimbia tukisukumana kama watoto, Arvid akaangusha kofia, wala hakurudi kuiokota. Maficho yangu, matupu. Ya Arvid, matupu, na ukuta wa nyuma umeliwa hadi vijiti.

Baba alikuwa katikati, chini kwenye njia yenyewe, ameegemea mwaloni mnene. Mbele ya magoti alikuwa amelaza matawi mawili makavu, basi. Dume alikuwa amelala mbele yake kwenye majani. Baba alikuwa anafuta macho kwa glavu.

"Ndivyo nilivyowafundisha," alisema. "Mgongo kwenye mti, tawi mbele, na utulie. Mengine yote haya mlijengeana nyie."

Nikaona haya, kweli kabisa. Nikamshika mkono huu, Arvid akamshika ule, tukamwinua. Kisha Arvid akautazama mwaloni, akatazama maficho yake, akakohoa.

"Lakini baba, mti huu uko karibu zaidi na kwangu."

Akaanza kuhesabu hatua kuelekea juu. Na mimi, Mungu ananiona, nikamwachia baba mkono, nikaanza kuhesabu za upande wangu.