Vinundu vya Kichwani kwa Baba

Moshi wa samadi nikiunusa hata leo unanikera. Ulikuwa ukifuka zizini kwetu, karibu na Masumbwe, kiangazi kile cha miaka ya sitini baba alipokuwa akikamua maziwa na vidole vyake vikagoma kufunguka. Ng'ombe anarusha teke, chuchu bado imo mkononi mwa baba, na kope zimemlegea kama mtu wa usingizi. Wadogo zake wakicheka. "Kaka, mwachie, si mkeo huyo." Kichwani nako alikuwa na vinundu chini ya ngozi, vigumu kama kokoto, na vilizidi kuota.

Bibi, mama yake baba, akaleta mganga. Mganga akapasua kinundu kimoja kwa wembe, kikatoka kitu cheupe chenye kusagika kama chaki. Akakiinua tukione. "Huu ni mfupa. Kaupanda anayempikia," akasema. Anayempikia alikuwa mama.

Sasa sikilizeni. Babu alikuwa amekwisha kufa, na vinundu alikuwa navyo, mikono ilimganda, akapofuka kwa mtoto wa jicho angali na nguvu zake. Mama aliyaona yote. Lakini kwetu mkamwana hamtaji mkwewe hata jina, sembuse kuusema mwili wake. Alinyamaza mpaka walipoanza kutupa vyungu vyake nje. Ndipo akasema, "Baba mkwe alikuwa navyo vilevile. Muulizeni mama yenu, ndiye aliyekuwa akimnyoa."

Bibi alijua. Nilimwona usoni kwamba anajua. Akatema mate chini. "Mnamsikia? Amemvua nguo marehemu. Mnataka mchawi gani mwingine?" Baba mdogo akamsukuma mama hadi njiani. Mimi nilikuwa nimeng'ang'ania kaniki yake, akanibandua. Mama akaenda kwao, upande wa Kahama, asirudi tena. Baba hakusema neno. Watu husema ulimi nao ulikuwa umemlemea. Mimi nasema ni woga.

Siku hizi kope zangu zimelegea, na mwanangu ana vinundu. Daktari alimuuliza waziwazi, mbele ya mkewe, kwao nani mwingine anavyo. Akatueleza kwamba ni ugonjwa wa misuli, unarithiwa, na vinundu huja nao. Mama alilisema hilo bila kusoma, akafukuzwa.

Mwaka jana baba mdogo yuleyule alikuja na mkongojo wake, anataka nimpeleke kwenye kaburi la mama akaombe radhi. Sikumpa shikamoo. Nilimpa uji, akanywa. Kaburi sikumwonyesha, wala sitamwonyesha.