Kichwa cha Mumi

Sokoni Rodi Kopany walisema Dorah, mama yake Liz, angeweza kupatana na mwenye mbuzi mpaka aongezwe na kamba. Hakuikana sifa hiyo. Lakini wiki hii ujanja wa bei haukumsaidia. Jike wa kambare, mumi kama wenyeji wasemavyo, mama pekee aliyebaki bwawani, alikuwa amejaa tumbo na mara mbili amegoma kutaga. Bila mayai hakuna vifaranga vya kuuza, na shemeji yake alishaanza kulipima bwawa ili apande nduma.

Nyatichi, afisa wa samaki, alichutama akambonyeza jike tumbo.

"Mama Liz, mayai yamekomaa. Yalishatuma homoni kichwani kusema tuko tayari. Lakini ubongo unangoja mafuriko ya mto, na hapa bwawani hayaji. Basi ile tezi iliyo chini ya ubongo haipewi ruhusa kutoa homoni ya kuyafungulia."

"Ndiyo maana namdunga tezi ya mwenzake. Si mlinifundisha wenyewe?"

"Mwenzake yupi?"

Dorah akakohoa. "Vichwa nanunua Kendu Bay. Bei ya kutupa."

"Vimelala juani tangu lini?"

"Mimi najua? Nilipatana bei, sikuuliza siku ya kufa."

Nyatichi akacheka. "Tezi ikioza, nguvu imekwisha. Unamdunga supu! Na dume unayemchinja kwa ajili ya mbegu, kichwa chake kibichi unampelekea Okemwa."

Kweli tupu. Kule, kumwandalia mgeni samaki asiye na kichwa ni kumwonyesha njia ya kwao. Okemwa, mwenye hoteli, alilipa vizuri samaki akija na kichwa chake, na Dorah hakuwahi kuwaza kukipasua.

Jioni hiyo akachinja dume, na kichwa akakipasua. Nyatichi akaitoa tezi, ndogo kama punje ya wimbi, akaisaga katika maji ya chumvi ya dawa. Mbegu za dume wakaziweka penye barafu. Dorah akamdunga jike mgongoni, kisha akabeba kiwiliwili cha dume hadi hotelini kwa Okemwa.

"Hii ni nini, mama? Mguu wa kitanda?"

"Mnofu mtupu, omera, ndugu yangu. Kichwa ni mifupa ya kunyonya tu."

"Nusu bei."

"Nusu bei ni ya aliyekosa na mkia. Lakini sawa, chukua. Ila lile bwawa ulilochimba kwako, vifaranga utanunua kwangu, kwa bei yangu."

"Vifaranga gani? Jike wako si tasa?"

"Basi unaogopa nini? Tasa hana mtoto wa kukuuzia."

Okemwa akajikuta ameshakubali.

Asubuhi Dorah alimfunga jike kwa taulo bichi, akamkamua tumbo polepole. Kwanza tone. Halafu mayai yakachuruzika beseni nzima, laini kama uji wa wimbi. Wakayachanganya na mbegu, wakayatandaza majini. Kesho yake vimkia vikaanza kutikisika.

Dorah hakungoja hata kunawa mikono. Akatafuta simu.

"Okemwa, lile bwawa lako, umeshatia maji?"