Yunisi na Mume Mzito

Jirani yangu Yunisi, anayeanika dagaa hapa Bangwe, hakosi harusi. Siku binti wa dada yake alipoolewa Mwamgongo, boti ilikuwa imejaa. Nahodha akasema ataongeza mtu mmoja tu, yule mwepesi.

Yunisi na mumewe Dismasi, waliobaki ufukweni, wakatazamana. Mzani haukuwepo.

Mwalimu Castory, aliyekwisha kukaa botini, akatoa elimu. Kuna nyota mbili hafifu jirani na jua letu, zilizoshindwa kuwaka vizuri, nazo huzungukana. Wataalamu huzipima kwa kuzitazama tu: inayoyumba sana ndiyo nyepesi.

"Basi shikaneni mikono, mzunguke," mwalimu akawaambia.

Wakazunguka mchangani na nguo zao za harusi. Dismasi, mwembamba kama mwiko, akaanza kuyumba.

"Mzee, mama anakupeperusha kama kanga kwenye kamba," abiria mmoja akasema.

Maneno yakamchoma. Dismasi akachimbia visigino mchangani, akajikaza kidume. Yunisi, na nyama zake zote, akajiachia, akamzunguka mbiombio.

"Mzee ndiye mzito," nahodha akaamua.

"Hilo nimelijua siku zote," Yunisi akasema akipanda. "Unga uko jikoni, baba."