Meno ya Katekista Hhando

Wengine wivu huuficha moyoni. Hhando, katekista wa kigango kimoja kule Oldeani, wake ulikaa menoni: kila akimwona Tluway aliyasaga kama jiwe la kusagia mtama.

Ugomvi wenyewe ulikuwa juu ya masikio. Hhando aliwafundisha watoto wa shamba la kahawa mafundisho ya komunyo ya kwanza kwa sauti ambayo hata mbuzi wa jirani walikaribia kuongoka. Watoto walifinyana, wakatafuna miwa, wakasinzia. Ndipo Tluway, dereva wa trekta, akarudi kutoka Jeshi la Kujenga Taifa na suruali ya bugaluu, pana miguuni, na kitu kinachoitwa karate. Akawakusanya watoto wale wale kwenye uwanja wa kuanikia kahawa, na badala ya kupaza sauti, akanong'ona. Jambo alilisema mara moja tu. Asiyesikia alikosa zamu ya kupiga teke. Wakatulia kama maji ya mtungini. Hata Leonida, binti wa Hhando, ambaye nyumbani aliitwa mpaka ugali ukapoa, kule aligeuka kwa mlio wa kidole.

"Amewaroga," Hhando alimwambia mkewe.

"Baba Leonida," Antonia akacheka, "unamwonea wivu mtu anayepigana na hewa?"

"Wivu? Mimi niliyebatizwa?"

Padri alikuwa anakuja Jumapili kusikiliza watoto wakisailiwa. Wakishindwa, ukatekista ungekwenda kwa mwingine. Basi Hhando akaona heri apate mchawi wa kumkabidhi Padri. Jumamosi jioni akajificha katikati ya mibuni, kando ya uwanja ule ule, apeleleze uchawi.

Watoto walisimama wamefumba macho, wakionyesha kwa kidole upande Tluway alikopiga makofi. Mara Leonida akainua mkono.

"Mwalimu, kwenye kahawa kuna nyati. Anapuliza pua."

"Una hakika?"

"Na mbele yake yupo baba. Nayajua meno yake."

Hhando alifungua kinywa amkemee. Nyuma yake, kweli, kitu kikapuliza pua. Nyati walizoea kushuka kutoka msitu wa Ngorongoro, lakini si kuja kumpumulia katekista mgongoni!

"Katekista," Tluway akanong'ona, "usigeuke. Usiseme. Njoo polepole."

Kwa mara ya kwanza tangu abatizwe, Hhando alisikia alichoambiwa bila kujibu. Akatoka hatua kwa hatua. Watoto wakarudi nyuma ya ukuta wa kiwanda cha kahawa, hakuna aliyekohoa. Nyati akatafuna majani yake, kisha akapanda zake msituni.

Jumapili, mbele ya Padri, Hhando aliyauliza maswali yote kwa kunong'ona. Watoto wakainamisha vichwa mbele, wakajibu hata yale aliyoyasahau mwenyewe.

"Hhando!" Padri akashangaa. "Mbinu hii umejifunza wapi?"

Leonida akamtazama baba yake. Antonia naye akamtazama. Nyuma kabisa, bugaluu ilikuwa imeegemea mlango.

"Kwa Roho Mtakatifu, Baba," akasema Hhando.

Tluway alitabasamu tu, akaitikia, "Amina," kwa sauti ndogo, na kanisa zima likasikia Hhando akisaga meno.