Baba Amepokea Ng'ombe wa Mtu Ambaye Sijamkubali

Admin, nifichie jina, na mji ninaofanyia kazi nimeamua nisiutaje. Majina yote humu nimeyabadilisha. Najua mhusika akisoma atanijua tu, lakini sina pengine pa kusemea.

Mimi ni dada wa miaka 29, Mnyaturu wa Ilongero, Singida. Nipo Ulaya mwaka wa pili sasa, nahudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea wazee. Ninavyoandika hapa nipo nyumbani kwa wazazi wangu, likizo. Wiki ijayo natakiwa kurudi kazini, na naogopa kurudi.

Ndugu zangu, kule baridi inakufanya uwe mpweke mpaka unaongea na sufuria. Kwa hiyo majira ya joto yakifika, jua linachelewa kuzama, watu tunatoka kama kumbikumbi. Watanzania wa mji ule tuna bustani yetu kando ya mto. Kila Jumamosi tunachoma nyama, mmoja analeta pilau, mwingine spika, watoto wanacheza mpira. Mimi nilikuwa naisubiri Jumamosi kama mtoto anavyosubiri sikukuu.

Huko ndiko nilikofahamiana na Elia. Ni mtu wa makamo, mpole, anatokea Ikungi, hukohuko kwetu Singida. Mara ya kwanza alinisalimia kwa Kinyaturu nikakaribia kulia. Hakuwahi kunishika wala kunitongoza. Siku moja simu yangu iliisha chaji, nikamwomba yake nimpigie mama. Nikaongea, nikamrudishia, nikasahau.

Jumamosi moja akaja na mlenda mkavu, ile mboga yetu ya majani. Nikaonja, nikamwambia, "Kaka, huu kama wa kwetu kabisa." Akacheka. "Nimeletewa na mama," akasema. Nikadhani mama yake.

Baadaye nikaona watu bustanini wamebadilika. Kaka mmoja tuliyezoea kutaniana akawa ananikwepa. Wanawake wakaanza kuniita shemeji. Nikiuliza shemeji wa nani, wanacheka wanasema naona aibu. Nikamfuata Elia, nikamwambia, "Kaka, waambie watu ukweli, mimi na wewe hatuna chochote." Akaniangalia kwa upole uleule, akasema, "Usijali, wewe ni mtu wa kuchelewa kuelewa." Akaendelea kugeuza nyama.

Kabla sijasafiri, Neema, mwenzangu kazini ambaye naye huwa anakuja bustanini, akanivuta chumba cha kubadilishia nguo. Akaniambia, "Kabla yako kulikuwa na dada wa Babati. Naye tuliambiwa ni mchumba wa Elia. Akaacha kuja. Tukiuliza, Elia anasema dada huyo hapendi watu. Halafu simu ya dada ikawa haipatikani."

Nikamuuliza, "Na ninyi hamkumtafuta?"

Akainamisha kichwa. "Joto lilikuwa limeisha, dada. Baridi ikianza kila mtu anajifungia kwake. Mwaka uliofuata hakuna aliyemtaja."

Nikapanda ndege nikijipa moyo kwamba nikifika Ilongero nitapumua. Bodaboda ikaniacha mlangoni, nikampa baba shikamoo, nikaingia ndani. Ukutani, juu ya redio, kuna picha kubwa kwenye fremu: mimi na Elia tumekaa kwenye majani, nacheka. Siku ile bustanini tulipiga picha watu wengi. Wengine wote wamekatwa.

Mama akapiga vigelegele. "Mwanangu, ulitaka kutufanyia siri mpaka lini?"

Kumbe Elia alibaki na namba ya mama tangu siku ile ya simu. Anampigia kila Jumapili baada ya ibada. Mlenda ule ni wa mama yangu kweli, Elia alituma mtu akauchukua hapa nyumbani. Mwezi wa saba wazee wake walikuja kutoka Ikungi na ng'ombe wa mahari, wakapokelewa, watu wakala. Wakati huo mimi nipo bustanini nakula naye nyama, ananiuliza nyumbani hawajambo!

Nikapiga magoti mbele ya baba. "Baba, huyu mtu sijamkubali. Hajawahi hata kuniuliza. Naomba ng'ombe warudi."

"Elia alisema utakataa," baba akasema. "Alisema kule kazi inawachanganya, utafika hapa unaongea hivyo, tukuvumilie. Na ng'ombe hawapo, mwanangu. Wamekwenda kwa wakwe wa kaka yako, ndiyo mahari aliyoolea. Unataka kaka yako amrudishe mkewe na mimba ile?"

Nikawaeleza habari ya dada wa Babati. Mama akasema ni wivu wa wanawake wenzangu. Tangu siku hiyo hawaniachi peke yangu. Nikienda kisimani mtu ananifuata, nikishika simu mama anauliza naongea na nani.

Jana Elia alipiga. Mama akanipa simu huku anatabasamu. Sauti yake ileile ya taratibu. "Umepumzika? Basi usihangaike na chumba chako tena. Nimeongea na mwenye nyumba, akanifungulia kama mchumba wako, na chumba nimeshakikabidhi. Nguo zako, vyeti vyako, kila kitu kipo kwangu. Nitakupokea uwanja wa ndege."

Nikasikia nyuma yake mlango unafungwa, naye akasema, kwa sauti ya chini, kama anaongea na mtu mwingine mle ndani, "Anakuja."

Halafu simu ikakatika. Elia anaishi peke yake, ndivyo alivyotuambia wote. Nikamkumbuka dada wa Babati.

Nikirudi, sina pa kufikia ila kwake, na vyeti vyangu anavyo yeye. Nikibaki, kazi nimepoteza, na wazazi wangu watamwita aje anichukue hapahapa. Neema nimempigia tangu jana, simu inaita, hapokei.

Ndugu zangu mnaosoma hapa, hasa mlioko nje, niambieni, ningekuwa mdogo wenu mngenishauri nini? Nifanye nini?